Kueleza Kila Tarakimu: Uzoefu wa Kutunza Programu Kongwe ya Uigaji wa Kihandisi

Mhandisi anayetumia programu ya uigaji, yaani inayokadiria kwa hesabu jinsi kitu halisi kitakavyofanya kazi, hasomi msimbo wake, maagizo yaliyoandikwa ndani yake. Anachosoma ni namba zinazotoka mwishoni: shinikizo kwenye makutano haya, kasi ya maji kwenye bomba lile, saa ambayo tangi litajaa. Namba hizo ndizo anazoziweka kwenye ripoti na kuzitetea mbele ya mkaguzi, na miaka mingi baadaye, mradi ukifunguliwa tena kwa ajili ya upanuzi, ndizo anazotarajia kuziona akiendesha faili lilelile. Nimekuwa miongoni mwa watunzaji wa programu huria ya aina hiyo, yenye msimbo ulio wazi kwa wote, inayokokotoa mtiririko wa maji katika mitandao ya mabomba, kwa muda wa kutosha kujua sehemu ngumu ya kuifanya programu kongwe iwe ya kisasa iko wapi. Lugha mpya hujifunzwa, na skrini mpya huchorwa. Kazi yenyewe ni kuweza kumweleza mhandisi huyo, kwa kila tarakimu iliyobadilika, kwa nini imebadilika.

Programu za aina hii huishi kupita mashine zilizoandikiwa. SPICE, inayoiga saketi za umeme, ilitoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1973, na vizazi vyake vinatumika hadi leo. MODFLOW, ya maji ya chini ya ardhi, ilianzishwa na shirika la jiolojia la Marekani, USGS, mwaka 1984. Code_Aster, ya uhandisi wa miundo, ilianza kuandikwa katika shirika la umeme la Ufaransa, EDF, mwaka 1989, na ikafanywa huria mwaka 2001. Siri ya umri huo ni kwamba fizikia yenyewe haibadiliki. Maji yanayoingia kwenye makutano ya mabomba lazima yalingane na yanayotoka pamoja na yanayotumika hapo, na aliyekwisha kuliandika sharti hilo vizuri hana sababu ya kuliandika upya. Vinavyobadilika ni vile vinavyoizunguka fizikia hiyo, yaani prosesa, kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine), mfumo endeshi, na watu.

Kiini cha programu yetu kimeandikwa kwa FORTRAN 77, toleo la zamani la lugha ya kuandikia programu za hesabu, na anayekifungua kwa mara ya kwanza hudhani kiliandikwa na mtu mwenye kinyongo na wasomaji. Amri zinaanzia safu ya saba na kukomea safu ya 72, kwa kuwa kadi za kutobolewa, ambazo programu ziliandikwa juu yake kwa matundu, zilikuwa na safu 80, na nane za mwisho ziliachiwa namba za mpangilio ili kadi zikimwagika sakafuni ziweze kurudishwa katika mfuatano wake. Majina ya vigeu, yaani mahali panapohifadhi thamani za hesabu, hayazidi herufi sita, kwa hiyo upotevu wa shinikizo unaitwa HLOSS na mtiririko wa mzunguko uliopita unaitwa QOLD. Kigeu kinachoanza na herufi yoyote kati ya I na N huchukuliwa kuwa namba kamili hata kama hakuna aliyekitangaza. Data hupita kutoka sehemu moja hadi nyingine kupitia maeneo ya pamoja ya kumbukumbu, yaitwayo COMMON, ambamo kila sehemu ina uhuru wa kuviita vilivyomo kwa majina yake yenyewe. Yote hayo yalikuwa na mantiki yake. Kumbukumbu ya kompyuta ilikuwa ndogo na ghali, na mtu aliyetumia orodha moja ya namba kwa kazi tatu tofauti katika hatua tatu za hesabu alikuwa akifanya kile ambacho mhandisi yeyote makini wa wakati wake angefanya.

Kwa hiyo mstari wa ajabu usifutwe kabla haujaelezwa. Katika sehemu inayokokotoa msuguano ndani ya bomba palikuwa na kifungu cha mistari michache, kimejaa namba zisizo na maelezo, ambacho kilifanya kazi pale tu Namba ya Reynolds, inayoonyesha kama mtiririko ni tulivu au wa msukosuko, ilipokuwa kati ya 2000 na 4000. Mchangiaji mmoja kijana, mwenye bidii na kalamu nyepesi, alipendekeza kiondolewe: chini ya 2000 mtiririko ni tulivu na una kanuni yake, juu ya 4000 ni wa msukosuko na una kanuni yake, basi hapo katikati tuchague moja tuendelee. Kwenye karatasi hoja yake ilisimama. Lakini kanuni hizo mbili hazikutani. Ukiruka kutoka moja kwenda nyingine, msuguano unapanda ghafla, na ukokotozi wa mzunguko, ambao hukisia mtiririko, hukagua, kisha hukisia tena, hubaki ukiyumba kati ya kingo mbili bila kutulia. Kile kifungu kilikuwa daraja, mkunjo wa shahada ya tatu unaounganisha kanuni hizo mbili bila kona kali. EPANET, programu mashuhuri ya shirika la mazingira la Marekani kwa kazi kama hii, inafanya vivyo hivyo, na mwongozo wake unasema hivyo waziwazi. Wa kwetu ulikuwa kimya. Tuliuacha mkunjo ulivyo, tukaandika juu yake aya nzima ya maelezo pamoja na mchoro wake kwenye nyaraka, na yule kijana ndiye aliyeiandika aya hiyo.

Tatizo lililotufundisha zaidi ya yote lilikuja tulipohamia kompaila mpya na mashine za biti 64. Hakuna mstari hata mmoja uliokuwa umeguswa, ila majibu ya baadhi ya mifano yalitofautiana na ya zamani. Sehemu ya tofauti ilikuwa na chanzo cha kawaida sana katika msimbo wa umri huu: vigeu ambavyo havikuwahi kupewa thamani ya mwanzo. Mashine za awali ziliviweka mahali pasipobadilika katika kumbukumbu iliyokwisha kujazwa sifuri, na programu ikaishi miaka yote hiyo ikiegemea sifuri ambazo hakuna aliyeziandika. Kompaila mpya iliviweka mahali penye masalia ya hesabu nyingine. Hizo ni dosari halisi, na dawa yake inajulikana: unaitaka kompaila ilazimishe kila kigeu kitangazwe, unawasha ukaguzi wote ilio nao, kisha unapita msimbo mzima kwa subira, sehemu baada ya sehemu.

Tofauti zilizobaki hazikuwa dosari ya mtu yeyote. Katika mashine za biti 32 za zamani, prosesa ilikuwa ikifanya hesabu za kati katika rejista (nafasi ndogo za kuhifadhia namba ndani yake) za biti 80 na kulikata jibu kuwa biti 64 pale tu lilipoandikwa kwenye kumbukumbu. Prosesa za sasa hukata kila baada ya hatua. Namba ya usahihi maradufu, yaani ya biti 64, hubeba tarakimu kama 15 au 16 za maana, na zilizozidi hutupwa. Zinatupwa lini, na katika mpangilio gani, ndiko kunakoamua jibu. Chukua 10 kwa kipeo cha 16, ongeza 1, kisha ondoa tena 10 kwa kipeo cha 16: kompyuta itakujibu sifuri, kwa kuwa ile 1 ilikuwa ndogo mno kuonekana pembeni ya namba kubwa kiasi hicho. Badilisha mpangilio, uondoe kwanza ndipo uongeze, na itakujibu 1. Kompaila inayopanga upya hesabu ili ziende haraka inaruhusiwa, ukiiwashia ruhusa hiyo, kufanya mabadiliko ya namna hii mahali pengi bila kukuambia.

Mtu anaweza kusema kwamba tofauti kwenye tarakimu ya 14 haimhusu mhandisi wa maji, ambaye hajui hata ukwaru wa mabomba yake kwa usahihi wa asilimia kumi. Ni kweli, isipokuwa pale programu inapofanya uamuzi. Pampu imeagizwa iwake maji ya tangi yakishuka chini ya mita tatu. Mashine moja inakokotoa kina cha 2.99999999 mwishoni mwa saa, nyingine 3.00000001. Katika ya kwanza pampu inawaka sasa hivi, katika ya pili inawaka saa moja baadaye kwa sababu programu hukagua mwishoni mwa kila hatua ya muda, na kuanzia hapo siku nzima ya uigaji inakwenda njia nyingine: tangi linajaa kwa wakati mwingine, vali inafunga kwa wakati mwingine, na grafu mbili ambazo zilipaswa kufunikana zinaachana mbele ya macho ya mtu aliyeambiwa kwamba hakuna kilichobadilika.

Tuligombana sana kuhusu jambo hili, na kilichotutoa hapo hakikuwa kompaila nyingine bali jaribio moja rahisi. Tulichukua mtandao uleule wa mabomba, tukageuza mpangilio wa makutano ndani ya faili, la mwisho likawa la kwanza, tukaliendesha katika mashine ileile na toleo lilelile la zamani. Kihandisi ni mtandao mmoja. Kihesabu, milinganyo inapangwa kwa mfuatano mwingine, na tarakimu zinakatwa mahali pengine. Majibu yalitofautiana, na katika mifano yenye pampu zilizo ukingoni mwa uamuzi yalitofautiana sana. Maana yake ni kwamba programu ya zamani, ambayo watumiaji wetu waliichukulia kama mizani iliyopigwa muhuri, ilikuwa na mtetemo wake wenyewe tangu siku ya kwanza; hakuna aliyeuona kwa sababu hakuna aliyekuwa na sababu ya kugeuza mpangilio wa faili lake.

Tangu hapo tuna kipimo. Kabla ya kubadilisha chochote tunaendesha kila mfano mara kadhaa kwa mipangilio tofauti ya makutano na mabomba, na tunaandika majibu yanasambaa kwa kiasi gani. Badiliko la kompaila, la maktaba ya hesabu au la lugha likileta tofauti iliyo ndani ya mtawanyiko huo, tunalipitisha. Likileta tofauti inayouvuka, kuna kitu kimeguswa, na badiliko hilo halitolewi mpaka kitu hicho kijulikane. Kando ya hayo tunayo majaribio yasiyotegemea toleo lolote la zamani, kwa sababu kulinganisha na majibu ya jana kunakuhakikishia tu kwamba makosa ya jana yamehifadhiwa salama. Bomba moja kati ya matangi mawili lina jibu linaloweza kukokotolewa kwa kalamu. Matawi mawili yanayofanana kwa kila kitu lazima yapitishe maji sawasawa. Na katika kila makutano, kila hatua ya muda, kinachoingia na kinachotoka hulinganishwa, na upungufu unaozidi kiwango tulichoweka husimamisha jaribio papo hapo. Jaribio hili la mwisho ni la bei rahisi kuliko yote, na limekamata dosari nyingi kuliko yote.

Kuna swali gumu zaidi, la namba za zamani ambazo tunajua si nzuri. Mfano ulio wazi kwa mtu yeyote kuufungua ni mnato wa maji (ukinzani wake dhidi ya kutiririka) ndani ya EPANET, ambayo hesabu zake za ndani hufanyika kwa futi hata kama mtumiaji amechagua mita. Mnato kwa nyuzijoto 20 umeandikwa 1.1E-5 (yaani 1.1 mara 10 kwa kipeo cha -5) kwa futi za mraba kwa sekunde. Ukiubadilisha kuwa mita za mraba unapata takriban 1.022E-6, huku majedwali ya kawaida yakitoa karibu 1.004E-6. Tofauti ni chini kidogo ya asilimia mbili, na mwenye haraka angeisahihisha asubuhi moja kabla ya chai. Lakini kuna kanuni mbili mashuhuri za kukokotoa upotevu wa shinikizo ndani ya bomba: mnato huu hauingii kabisa katika ile ya Hazen-Williams, na katika ile ya Darcy-Weisbach athari yake hupungua kadiri bomba linavyokuwa na ukwaru na maji yanavyokwenda kasi. Faida ni ndogo mno, na gharama yake ni kwamba kila mtumiaji wa Darcy-Weisbach ataona namba zake zimesogea kidogo bila yeye kugusa kitu. Isitoshe, mtumiaji anayehitaji mnato mwingine ana mahali pa kuuandika ndani ya faili lake. Kwa maoni yangu waliouacha ulivyo walifanya sawa.

Sisi tulijiwekea utaratibu kutokana na mambo kama haya. Kosa la fizikia linalobadilisha uamuzi wa kihandisi husahihishwa na kutangazwa kwa herufi kubwa, likiwa na mfano wa kabla na baada. Namba isiyo nzuri sana lakini isiyodhuru huachwa, na thamani mpya huwekwa kama hiari ambayo faili jipya linaweza kuiomba. Faili la zamani, lisilojua kwamba hiari hiyo ipo, linaendelea kupata jibu lake la zamani. Utaratibu huu unaudhi, nakiri, kwa sababu hiari zinarundikana na kila moja inadai majaribio yake. Bado sijaona mwingine unaomheshimu mtu mwenye ripoti iliyokwisha kusainiwa.

Hayo yote ndiyo yananifanya niwe mzito kila inapoletwa hoja ya kuandika upya programu nzima kwa lugha ya kisasa. Sisemi kwamba haiwezekani. SPICE ilitoka Fortran kwenda lugha ya C katika toleo lake la tatu, lililotoka mwaka 1989. EnergyPlus, inayoiga matumizi ya nishati ndani ya majengo, ilihama kutoka Fortran hadi C++ mwaka 2014. MODFLOW 6, ya mwaka 2017, ilipangwa upya kuanzia msingi, na waandishi wake wakabaki na Fortran, ile mpya, ambayo ina moduli na miundo ya data inayostahili jina hilo. Mfano wa mwisho ndio ninaowapa wanaodhani Fortran ni lugha ya makumbusho. Wengi wanaochukizwa nayo wameiona katika vazi la mwaka 1977 tu. Tangu Fortran 90 mistari ni huru, majina ni marefu, na COMMON sasa imo katika orodha ya mambo yaliyopitwa na wakati katika kiwango rasmi cha mwaka 2018.

Njia yetu imekuwa ya polepole. Tulianza kwa kuiwekea programu mlango mmoja rasmi, yaani seti ya vitendo ambavyo programu nyingine, ziwe za C au Python, zinaweza kuviita: fungua faili, weka thamani, endesha hatua moja, soma jibu. Zamani mtu aliyetaka kujaribu vipenyo mia vya bomba aliandika mafaili mia na kusoma ripoti mia. Sasa hufungua mara moja na kuzunguka ndani ya kumbukumbu. Badiliko hili moja liliwaletea watumiaji manufaa kuliko skrini yoyote mpya, na halikugusa hesabu hata kidogo. Nyuma ya mlango huo, COMMON moja baada ya nyingine inageuzwa kuwa muundo wa data wenye majina yanayosomeka, na kila hatua inapitishwa kwenye majaribio kabla ya inayofuata kuanza. Atakayetaka siku moja kuandika kiini kwa lugha nyingine atakuwa na mpaka ulio wazi wa kufanyia kazi hiyo.

Muundo wa faili la kuingizia data ni jambo ambalo nilikuwa nikilidharau. Watumiaji wa SPICE wanajua kwamba mstari wa kwanza wa faili daima ni kichwa cha habari, hivyo anayeanza kwa kuandika kipingamizi (kijenzi cha saketi kinachozuia mkondo wa umeme) hapo hukipoteza, na kwamba M baada ya namba maana yake ni sehemu ya elfu moja, iwe herufi kubwa au ndogo, huku milioni ikiandikwa MEG. Kila mwaka kuna mwanafunzi anayeandika 1M akitaka ohmu milioni moja na kupata sehemu ya elfu moja ya ohmu. Hakuna mtunzaji mwenye akili timamu atakayebadilisha hilo leo, kwa sababu hifadhi za saketi zilizoandikwa kwa kanuni hiyo ni nyingi mno na baadhi ya walioziandika hawapo tena. Tulichojifunza kufanya ni kutoa onyo: programu inasoma kama ilivyosoma siku zote, lakini ikiona thamani isiyo ya kawaida inasema kwa maneno imeielewa vipi. Mtumiaji anayejua anachofanya hulipuuza onyo hilo, na asiyejua huokoka.

Kuhusu watu nitasema kwa ufupi. Wanaoijua hesabu na wanaoijua kompyuta si lazima wawe walewale, na programu hizi zinadai wote wawili wakae meza moja. Mchango wa msimbo usio na maelezo ya kwa nini tunaurudisha kwa mwenyewe hata ukiwa sahihi, kwa kuwa baada ya miaka michache ni hayo maelezo yatakayobaki na thamani. Leseni, yaani masharti ya kutumia na kusambaza msimbo, inataka iwekwe sawa mapema, wakati wachangiaji bado wanapatikana. Ukisubiri, unajikuta ukitafuta ruhusa ya mtu ambaye anwani yake ya barua pepe ilikufa pamoja na kampuni aliyokuwa akiifanyia kazi.

Mjadala ulio mezani sasa ni wa ukokotozi sambamba. Mitandao mikubwa inadai viini vyote vya prosesa, yaani sehemu zake zinazoweza kukokotoa kila moja peke yake, vifanye kazi kwa pamoja, na namba zinapojumlishwa na viini vingi, anayemaliza kwanza hujumlisha kwanza, kwa hiyo mpangilio hubadilika kila mara. Programu ileile, faili lilelile, mashine ileile, na tarakimu za mwisho zinatofautiana kati ya asubuhi na jioni. Tumeandika njia mbili. Moja inajumlisha kwa mpangilio usiobadilika na inalipa kwa kwenda polepole, nyingine inaachia viini vishindane. Ya kwanza ndiyo inayotumika mtumiaji asipochagua kitu. Baadhi ya wenzangu wanaona tunawanyima watumiaji kasi ambayo mashine zao zimekwisha kuilipia, na wameleta vipimo vyao; nimevisoma, ni vya kweli, na bado ninapiga kura ya mpangilio usiobadilika hadi jaribio letu la kugeuza makutano lioneshe mtawanyiko wa njia ya pili katika mifano yote yenye pampu.